Kreni ya tani 500 inashindwaje na kipande cha daraja cha tani 110?

Msomaji ameuliza hivi: "Mhandisi, shikamoo. Mimi ni fundi msimamizi kwenye ujenzi wa daraja. Vipande vyetu vya kati vina urefu wa mita 28 na upana wa mita 5, boriti za chuma zikiwa na sakafu ya zege juu yake, na kwenye michoro kila kimoja kimeandikwa tani 110. Kreni iliyoletwa ni ya magurudumu, ya tani 500, na itasimama nyuma ya nguzo ya mwisho, mita 18 kutoka pale kipande kitakapokaa. Mhandisi wa unyanyuaji amekataa kuanza. Anataka kreni isogezwe au iletwe kubwa zaidi, na anataka ardhi ipimwe upya. Wakubwa wanasema anatupotezea muda, maana tani 500 ni karibu mara tano ya mzigo. Nani yuko sahihi? Na inakuwaje kreni za majini zibebe maelfu ya tani, wakati yetu iliyosimama nchi kavu inashindwa na tani mia na kidogo?"

Marahaba, ndugu yangu. Mhandisi wenu yuko sahihi, na kwa maelezo uliyoyatoa hata mimi nisingesaini karatasi ya kuanza kazi. Hesabu ya "mara tano" naielewa inakotoka, maana hiyo 500 imeandikwa kwa tarakimu kubwa ubavuni mwa mashine na kila anayepita anaisoma. Tatizo ni kwamba namba hiyo haizungumzii kazi yenu.

Tani 500 ni uzito ambao kreni hiyo inaweza kuunyanyua ikiwa katika hali yake bora kabisa: mkono mfupi, uzito wote wa kusawazisha umepachikwa nyuma, miguu ya pembeni imetolewa hadi mwisho, na mzigo uko kama mita 3 tu kutoka katikati ya mzunguko wake. Kwa umbali huo mzigo unakaribia kugusa gari lenyewe, na hakuna anayefunga kipande cha daraja mahali hapo. Kila mita unayousogeza mzigo nje, uwezo unapungua, kama vile ndoo ya maji unayoibeba bila shida kifuani inavyokushinda ukinyoosha mkono. Kinachoipindua kreni ni uzito mara umbali. Tani 110 zikiwa mita 18 zinaivuta kreni kwa nguvu ileile ambayo zingeivuta tani 660 zikiwa mita 3. Hesabu hii ni ya haraka na haichukui nafasi ya jedwali la mtengenezaji, linaloonyesha kreni inaweza kubeba kiasi gani kwa kila umbali, lakini inatosha kuonyesha kwamba ile "mara tano" imeshakwisha kabla hamjafunga hata kamba moja.

Jedwali lenyewe litawaonyesha zaidi. Tafuteni mstari wa mita 18, kisha safu ya urefu wa mkono mtakaoutumia na uzito wa kusawazisha uliopo eneo la kazi. Msitumie uzito ulioandikwa kwenye kitabu ikiwa nusu yake imebaki ghalani. Haitanishangaza mkikuta kreni ya ukubwa huo imebakiwa na chini ya robo ya jina lake. Na kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaambiwi: mzigo ukiwa karibu, kinachoweka mpaka mara nyingi ni nguvu ya chuma cha mkono na viungo vyake, ukiwa mbali, ni hatari ya kupinduka. Wapo waendesha kreni wazoefu wanaoamini watahisi miguu ya nyuma ikipungua uzito, washushe mzigo kabla mambo hayajaharibika. Hisia hiyo, hata kama ipo, haisaidii kitu pale mpaka unapowekwa na chuma. Mkono unaozidiwa nguvu haukupi onyo, unakunjika tu.

Sasa tuje kwenye hizo tani 110, kwa sababu nazo zina walakini. Uzito wa kwenye michoro ni uzito wa kitu kilichochorwa. Sakafu yenu ina mita za mraba 140. Fomu ya zege (mbao za kulimwagia) ikiwa imeachia kidogo, au fundi akiwa ameongeza zege kusawazisha uso, sentimita 2 za ziada ni mita za ujazo 2.8, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya zege yenye nondo ina tani 2.5 hivi, mmeongeza tani 7 ambazo hazimo kwenye karatasi yoyote. Halafu kuna boriti ya kutawanyia mzigo, kamba, pingu, na kulabu yenyewe pamoja na puli zake. Kwa kazi ya ukubwa huu tuseme tani 9. Vyote hivyo vinaning'inia kwenye mkono wa kreni na vyote vinahesabiwa. Tumefika tani 126. Kampuni makini haitumii jedwali hadi mwisho wake. Wengi husimama kwenye asilimia 85 au chini ya hapo. Gawanya 126 kwa 0.85: mnahitaji kreni ambayo jedwali lake linasema tani 148 kwenye mita 18. Na hizo mita 18 nazo si za kuaminika sana, maana mkono ukipokea uzito unainama na mzigo unasogea nje. Mpangaji mzuri huongeza umbali huo tangu mwanzo.

Ushauri wangu kuhusu uzito ni mmoja: pimeni. Kipande kikiwa bado kwenye uwanja wa kutengenezea, kiinueni kwa jeki nne zenye vipima-mzigo, sentimita moja tu. Mtapata uzito halisi, na mtapata pia mahali kilipo kitovu cha uzito, habari ambayo mtaihitaji zaidi ya mnavyodhani. Kazi hiyo inamalizika asubuhi moja.

Jambo linaloniogopesha zaidi katika barua yako, hata hivyo, ni sentensi ya kwamba kreni itasimama nyuma ya nguzo ya mwisho. Pale kwa kawaida ni kifusi. Kimejazwa baada ya ukuta kukamilika, kimeshindiliwa vizuri sehemu zilizofikika na vibaya karibu na ukuta, ambako mashine kubwa haipiti. Tazama kinachoenda kukaliwa na ardhi hiyo. Kreni ya ukubwa huo pamoja na uzito wake wa nyuma inaweza kufika tani 250. Ongeza tani 126 za mzigo: jumla 376. Watu hugawanya kwa nne kwa sababu miguu ni minne, wakapata tani 94 kwa kila mguu, wakaridhika. Lakini mkono ukielekea juu ya mguu mmoja, mguu huo pekee unaweza kubeba nusu ya jumla yote au zaidi, yaani karibu tani 190, huku ule wa upande wa pili ukiwa karibu mtupu. Na kreni inapozunguka kutoka kwenye trela hadi kwenye nguzo, kila mguu unaopitiwa hupata zamu yake.

Tani 190 juu ya jukwaa la mbao au chuma la mita 2 kwa 2, linalowekwa chini ya mguu, ni zaidi ya tani 47 kwa kila mita ya mraba. Changarawe ngumu iliyoshindiliwa huweza kuvumilia. Udongo wa mfinyanzi laini hauwezi hata kidogo. Panua jukwaa liwe mita 3 kwa 3 na mgandamizo unashuka hadi tani 21 kwa mita ya mraba. Hapo mazungumzo yanaanza kuwa na maana, mradi jukwaa lenyewe ni gumu kiasi cha kuusambaza uzito hadi pembezoni. Mbao nyembamba pana hupinda, na uzito wote unabaki katikati chini ya mguu, kana kwamba hamkuweka kitu. Kisha ulizeni kilichoko chini: bomba la maji ya mvua, kalvati la zamani, mtaro wa nyaya uliofukiwa haraka. Ulizeni pia ukuta wa nguzo ya mwisho ulipigiwa hesabu ya kusukumwa na kiasi gani, kwa sababu mguu wa kreni ukikaa karibu nao, sehemu ya hizo tani inageuka kuwa nguvu ya kuusukuma ukuta kuelekea mtoni. Huenda ukuta huo ulipangiwa magari ya kawaida tu.

Na msidhani ardhi lazima ibomoke ndipo kuwe na hatari. Mguu mmoja ukizama kidogo tu, kreni ikainama nyuzi 1, ncha ya mkono iliyo mita 50 juu inasogea karibu sentimita 87 kwenda nje. Umbali umeongezeka, kwa hiyo mguu unabanwa zaidi, kwa hiyo unazama zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wengi hudai kreni isimame kwenye usawa ambao mteremko wake hauzidi asilimia 1, na kwa baadhi ya mashine hata nusu ya hapo. Kwa hiyo mhandisi wenu anapodai ardhi ipimwe upya, hana makuu. Anauliza swali ambalo jibu lake likikosekana, hesabu nyingine zote hazina pa kusimama.

Mna njia tatu. Ya kwanza ni kusogeza kreni karibu, na mara nyingi ndiyo nafuu, lakini angalieni mkono usije ukagusa ukingo wa kipande chenye upana wa mita 5 kikiwa kimeinuliwa, na miguu isikaribie ukingo wa shimo au ukuta. Ya pili ni kreni kubwa zaidi, pengine ya minyororo (inayotembea kwa minyororo mipana badala ya magurudumu), ambayo huusambaza uzito wake kwenye eneo kubwa na inaweza kutembea na mzigo juu ya njia iliyoandaliwa.

Ya tatu ni kreni mbili, na hapa nataka niseme kwa mkazo kwa sababu watu huikimbilia wakidhani mbili ni mara mbili. Siyo. Kreni mbili zinazobeba kitu kimoja zimefungwa pamoja na kitu hicho. Kosa la moja linahamia kwa nyingine papo hapo. Kitovu cha uzito kikiwa mita 1 tu kutoka katikati, na kulabu zikiwa zimeachana mita 20, mgawo wenu haujawa 63 kwa 63 tena. Moja inabeba tani 69 na nyingine 57. Kreni moja ikizunguka haraka kuliko mwenzake, kamba zinaacha kuwa wima na mikono inavutwa kwa ubavu, upande ambao haikutengenezwa kuvutwa. Kwa sababu hiyo uwezo wa kila kreni hupunguzwa, mara nyingi hadi asilimia 75 ya jedwali, mwendo unakuwa wa tendo moja kwa wakati mmoja, na msemaji anakuwa mmoja. Nimefanya kazi hizo na sizikwepi. Lakini kama kreni moja kubwa inaweza kufika, naichagua hiyo hata ikiwa na gharama zaidi.

Kipande chenyewe nacho kina maisha yake hewani. Daraja limepigiwa hesabu likiwa limekaa kwenye viegemeo vyake, yaani vikalio vilivyo juu ya nguzo. Likiwa limening'inia ni muundo mwingine. Boriti ya zege yenye nyaya zilizovutwa, kwa mfano, inategemea uzito wake wenyewe kuzuia nyaya zisiipindishe kwenda juu. Ukiishika mbali na ncha zake, unaondoa msaada huo na uso wa juu unapasuka. Boriti ndefu nyembamba ya chuma ina ugonjwa tofauti: ubapa wake wa juu unaweza kukimbilia ubavuni na boriti yote ikajisokota, jambo lisilowezekana ikishaunganishwa na wenzake na sakafu. Ninyi mna zege juu tayari, hivyo hilo la pili haliwasumbui sana, ila sehemu zenye mshikio wa kamba lazima zipigiwe hesabu na kulehemiwa na mtu mwenye cheti, na lehemu zikaguliwe kwa vipimo visivyoharibu chuma.

Pembe ya kamba pia. Kamba mbili zikiwa zimesimama nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, kila moja inabeba asilimia 58 ya uzito. Kwa nyuzi 45 ni asilimia 71. Kwa nyuzi 30 kila kamba inabeba uzito mzima, na zote mbili zinakibana kipande kwa kukisukuma ndani kutoka ncha zake. Ndiyo kazi ya ile boriti ya kutawanyia mzigo: inapokea mbano huo yenyewe ili kamba za chini zishuke wima. Mkiona mtu anataka kuiacha "ili kupunguza uzito", mzuieni.

Kuhusu upepo, nitataja tukio moja lililofanya taaluma yetu ibadilike. Tarehe 14 Julai 1999, huko Milwaukee, Marekani, kreni kubwa sana ya minyororo iliyoitwa Big Blue ilikuwa ikiinua kipande cha paa la uwanja wa michezo chenye uzito wa zaidi ya tani 400. Ilianguka, na mafundi watatu wakafa. Upepo ulikuwa umepigiwa hesabu kwenye mkono wa kreni. Upepo unaosukuma mzigo wenyewe, wenye eneo kubwa kama tanga, haukupewa uzito unaostahili. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi: kutoka mita 10 kwa sekunde hadi 14, msukumo unakuwa mara mbili. Kwa hiyo kikomo cha upepo kilichoandikwa kwenye kitabu cha kreni ni cha mzigo mdogo mnene. Kipande cha daraja kina ubavu mrefu, na mhandisi anapaswa kukokotoa kikomo chake kipya, ambacho daima huwa chini. Kasi ipimwe kwenye ncha ya mkono, si kwenye kibanda cha ofisi. Na kabla ya kuanza ni lazima mjue hali ya hewa ya saa zote ambazo kipande kitakuwa hewani, pamoja na saa za ziada kama kitu kitakwama.

Sasa swali lako la pili, ambalo nililifurahia. Kreni za majini zinabebaje maelfu ya tani? Baadhi yake zimekwepa kabisa tatizo la umbali. Chombo kinachoitwa Svanen kilijengwa kwa ajili ya daraja la Storebælt huko Denmark, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kina umbo la mashua mbili pana zilizo sambamba na fremu ndefu juu yake, na mzigo unaning'inia kati ya mashua hizo. Hakuna mkono ulionyooshwa mbali, kwa hiyo maji yanasukuma juu pande zote mbili za mzigo. Chombo hichohicho kilipelekwa Kanada kujenga daraja la Confederation, lenye urefu wa kilomita 12.9, lililofunguliwa mwaka 1997. Boriti zake kuu zina urefu wa mita 192 na uzito wa karibu tani 7,500 kila moja. Zilimwagwa zege nchi kavu, zikabebwa zima hadi kwenye nguzo. Baadaye kikarudi Ulaya kwa ajili ya daraja la Øresund, lililofunguliwa mwaka 2000. Kwa mtu wa kazi hii, wazo hilo la kutengeneza daraja zima pwani, mahali penye usawa na kivuli, kisha kulipeleka baharini kwa vipande vikubwa ili watu wachache tu wafanye kazi juu ya maji, ni moja ya mawazo mazuri kuliko yote katika ujenzi.

Nyingine zina mkono. Left Coast Lifter, yenye mkono wa takriban mita 100 na uwezo wa karibu tani 1,700, ililetwa San Francisco mwaka 2009 ikitoka China kuweka vipande vya upande wa mashariki wa daraja jipya la Bay Bridge, kisha ikapitia mfereji wa Panama hadi New York kulijenga daraja lililochukua nafasi ya Tappan Zee. Mkono wake unainuka na kushuka tu, hauzunguki. Mkitaka mzigo uende kulia, tishari zima, yaani chombo bapa kinachobeba kreni, linavutwa kulia kwa nanga na winchi. Ni kazi ya polepole, na faida yake ni kwamba chombo kinainamia upande mmoja tu unaojulikana, mbele, na maji ya farumi, yaani ya kusawazishia chombo, yanasukumwa nyuma kukirudisha sawa kadiri mzigo unavyoingia.

Lakini maji hayasamehi. Kwa mkono wenye ncha mita 100 juu, chombo kikiinama nyuzi 1 kulabu inahama mita 1.75. Nchi kavu tunapigania sentimita chache za kuzama kwa mguu. Majini mwinamo ni sehemu ya kila mnyanyuo, na lazima ukokotolewe hatua kwa hatua. Tarehe 3 Agosti 2015, katika mji wa Alphen aan den Rijn nchini Uholanzi, kreni mbili za kawaida za nchi kavu zilipandishwa juu ya matishari ili ziinue pamoja kipande cha daraja la Juliana. Zilipinduka na kipande chake, zikaangukia nyumba zilizokuwa kando ya mto. Hakuna mtu aliyekufa, jambo ambalo kila anayetazama picha za siku ile hulishangaa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mpangilio mzima haukuwa na uthabiti wa kutosha. Kosa lilikuwemo kwenye maandalizi. Mnyanyuo ule ulikusanya hatari zote nilizokueleza hadi hapa: kreni mbili kwenye mzigo mmoja, msingi unaoinama, umbali unaojiongeza, na jedwali lililotengenezwa kwa ajili ya ardhi tambarare likitumika mahali pasipo na ardhi. Kama mradi wenu una mpango wa kutumia tishari kwa vipande vya katikati ya mto, hiyo kreni yenu ya magurudumu isipande juu yake bila jedwali jipya lililokokotolewa kwa tishari hilohilo.

Pengine hata kreni siyo jibu. Vipande vizito sana vinavyokwenda juu wima, huinuliwa kwa jeki zinazovuta nyaya kutoka juu ya muundo uliokwisha simama. Mwendo wake ni wa mita chache kwa saa, na upole huo ni faida. Nao una hatari zake. Daraja la Quebec lilipoteza kipande chake cha kati, chenye uzito wa takriban tani 5,000, tarehe 11 Septemba 1916, kikiwa kinainuliwa. Kiungo cha chuma cha kusubu kilichoshikilia pembe moja kilivunjika, kipande kikatumbukia mtoni, na watu 13 wakafa. Linganisha na daraja la Britannia huko Wales, mwezi Agosti 1849. Mhandisi wake, Robert Stephenson, aliagiza kwamba kadiri bomba kubwa la chuma, ambalo ndilo kipande cha daraja lenyewe, linavyopanda, nafasi iliyo chini yake ijazwe papo hapo. Silinda ya jeki ikapasuka. Bomba la zaidi ya tani 1,500 likaanguka umbali mdogo tu, likakaa juu ya vijazio. Mpaka leo, mahali popote ninapoweza, mzigo unaopanda kwa jeki unafuatwa na vijazio.

Uliniuliza ufanye nini wewe kama msimamizi siku yenyewe ikifika? Hukuuliza, lakini nitajibu, kwa sababu sehemu kubwa itakuwa mikononi mwako. Mnyanyuo wa majaribio kwanza: kipande kiinuliwe sentimita 10 au 20, kiachwe hapo kwa dakika kadhaa. Soma uzito kwenye kifaa cha kreni na ulinganishe na ule wa jeki. Zungukia miguu yote ukaangalie majukwaa. Tazama kama kipande kimekaa kwenye mwinamo unaotakiwa, maana viegemeo vyenu huenda havipo kwenye kimo kimoja na kamba zinapaswa kuwa zimerekebishwa kwa hilo. Namba yoyote ikikataa, kishusheni. Kukishusha kutoka sentimita 20 hakumuaibishi mtu.

Mtoa ishara awe mmoja, na kwa redio arudie neno bila kukoma: shusha, shusha, shusha. Opereta akisikia kimya, asimame. Redio iliyokufa katikati ya amri iliyotamkwa mara moja tu ndiyo inayoponda vidole vya watu kwenye viegemeo. Kila mtu aliye eneo hilo, hata kibarua wa siku ya kwanza, awe na haki ya kupaza sauti ya kusimamisha kazi, na asigombezwe ikibainika hapakuwa na tatizo.

Kama kipande cha mwisho kinapaswa kuingia kati ya vingine viwili, msipime nafasi yake mchana. Chuma cha mita 100 kikipata joto nyuzi 20 zaidi kinarefuka kwa milimita 24 hivi. Pimeni alfajiri siku kadhaa mfululizo, na muweke alfajiri.

Kisha kutua. Hapa ndipo watu huchoka na kushangilia mapema. Uzito uhamishwe kwa hatua: robo kwenye viegemeo, simama, kagua, nusu, simama, kagua. Kreni bado imeinama kwa ajili ya mzigo na inaponyooka, mkono unarudi nyuma na kulabu inaweza kukivuta kipande kikiwa kimekaa nusu. Kwa kreni ya majini ni vigumu zaidi, kwa sababu mawimbi huweza kukiinua na kukibamiza tena kabla hakijatulia, ndiyo maana hatua ya mwisho pale huharakishwa kwa makusudi. Ninyi mko nchi kavu, msiharakishe. Kulabu isifunguliwe mpaka viungo vya muda vya pembeni viwe vimefungwa na kukaguliwa, hasa kwa kipande cha kwanza, ambacho hakina jirani wa kukiegemea.

Kesho mwombe mhandisi wenu vitu vitatu kwa maandishi: ukurasa wa jedwali uliotumika ukiwa na alama kwenye mstari wa umbali halisi, mzigo wa kila mguu kwa kila mwelekeo wa mkono, na ripoti ya udongo wa mahali majukwaa yatakapokaa. Vikipatikana na vikikubaliana, anzeni. Wakubwa wakikuuliza kwa nini umevitaka, wape hesabu ya tani 148 na waache waitafute wenyewe kwenye jedwali.